Sumu Iliyoganda Mwezi wa Saba

Mliponiaga maabarani mwezi uliopita, nilipostaafu, mlinipa saa ya ukutani na daftari tupu. Saa imeshatundikwa. Daftari ndilo hili.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara wangu wenye maduka wa Lushoto waliujua kuliko mimi. Nitaandika kazi, hasa ile ya sumu ya ukungu, kwa sababu katika kazi hiyo nilimkosea mtu. Ninyi mna chumba chenye joto la kupangwa, hamtajua kosa lilivyoingia nisipowaeleza.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka Mlola alfajiri, nusu ya njia kwa miguu na nusu juu ya lori la kabichi, nikiwa na cheti cha shule na viatu vya dada yangu vilivyonizidi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa viatu, maana sakafu ya maabara ile ya zamani ilikuwa ya mbao na kila hatua yangu ilisikika mpaka ofisini. Wakati huo ilikuwa nyumba ya vyumba vinne chini ya mikaratusi, yenye bomba la moshi lililorudisha moshi ndani badala ya kuutoa.

Mkuu wa chumba cha hadubini alikuwa Mzee Elia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua jicho, kwa kuwa alikuwa katikati ya kuhesabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unadondosha maharage ndani ya makopo mawili. Chembe ya namna hii, harage kopo la kushoto. Ya namna ile, kopo la kulia. Mashine ya kubonyeza ya kuhesabia ilikuwepo kabatini. Alisema ina tabia ya kuruka namba kama karani fulani, ambaye yeye alimtaja na mimi simtaji. Hadubini alijifunza kwa kusimama nyuma ya daktari wa kikoloni miaka mingi, mpaka siku daktari alipougua na slaidi hazikuwa na msomaji mwingine.

Miezi sita sikuruhusiwa kugusa hadubini. Nilikuwa naosha vioo. Mzee Elia alikuwa akikinyanyua kioo mbele ya dirisha na kuyaangalia maji yanavyotelemka. Yakitandaa yote sawasawa, kioo ni safi. Yakijikusanya matone, unarudia. Nilirudia sana. Nyumbani niliposema kazi yangu ni kuosha vyombo, mama alisema kama ni hivyo hata yeye wangemwajiri, tena kwa cheo.

Mzee Elia alipoanza kunifundisha kusoma slaidi, somo lilikuwa moja. Alisema hesabu unachokiona. Unachokitaka mpelekee Daktari, yeye ndiye anayelipwa kutaka. Nilicheka, yeye hakucheka. Tulikaa hivyo miaka, yeye kwenye hadubini kubwa ya dirishani na mimi kwenye ile ndogo yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua, iliyotufaa sana umeme ulipokatika, na wakati huo ulikatika kama vile nao una zamu.

Daktari Lugano alikuja wakati Ujamaa umepamba moto, kila mtu akiitwa Ndugu na kila kitu kikisubiri kibali cha fedha za kigeni. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyetoka masomoni Ulaya, mpole, mwepesi wa kuandika, mwenye makoti mawili. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Watu wa tambarare, kama Mnazi, wanapata homa mara kwa mara. Sisi wa milimani mara chache. Je, chembe nyeupe za damu zao, ambazo kazi yake ni kumeza wadudu wa maradhi, zinameza sawasawa na zetu?

Tulikuwa tunatelemka Mnazi na gari la kazi, tunachukua damu kidogo kwa wenye kukubali, tunarudi nayo kabla haijachoka. Balozi wa nyumba kumi alitaka kujua damu tunaipeleka kufanya nini. Nilimwambia tunakwenda kuilisha hamira. Akasema basi angalau mtu asile njaa huko. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Tulichukua hamira ile ile ya maandazi, tukaichemsha ife, tukaiweka pamoja na chembe nyeupe kwenye kioo, halafu tukahesabu katika kila chembe mia ni ngapi zimemeza.

Tatizo ni kwamba hamira hugandia. Ukiangalia kwa hadubini huwezi kujua kwa hakika kama punje iko ndani ya chembe au imejibandika juu yake tu. Hapo ndipo sumu ya ukungu ilipoingia. Inatoka kwenye ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mahindi yaliyovunwa mabichi. Ndani ya chembe kuna nyuzi nyembamba zinazoifanya ijongee, ijikunje, ijikunjue na kumeza. Sumu hii inazifumua nyuzi hizo. Chembe haifi. Inakaa tu, kama mtu aliyekatazwa kunyanyua mikono. Kwa hiyo hamira utakayoiona kwenye chembe iliyotiwa sumu ni ya kujibandika tu. Toa hesabu hiyo kwenye ile ya chembe zisizotiwa sumu, unabaki na zilizomezwa kweli.

Na uzuri wake mwingine: ukiisuuza sumu, nyuzi zinajijenga upya na chembe inarudi kula. Daktari alipima hilo kila mara, kwa sababu chembe isiyorudi kula ni dalili kwamba dozi ilikuwa kubwa mno. Mimi, niliyesuuza vioo miezi sita, niliipenda sana sehemu hiyo.

Sumu ilifika kwa posta baada ya kungojewa karibu mwaka. Chupa ndogo kama ya wanja, na ndani yake unga usiozidi chumvi ya yai moja. Haiyeyuki kwenye maji. Iliyeyushwa kwenye kimiminika kimoja chenye jina refu ambacho kikikugusa kidoleni, baada ya muda unasikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni. Daktari alituonya kwamba kinapita kwenye ngozi na kubeba chochote kilichomo, na glavu zilikuwa chache. Tuligawa sumu kwenye vichupa, tukaviweka kwenye friji. Kazi ya kuvuta dozi kwa pipeti nilipewa mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa hautetemeki. Kusoma slaidi alibaki Mzee Elia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kimiminika kile huganda kwenye baridi ambayo sisi Lushoto hatuiiti baridi. Maelekezo ya Daktari, aliyoyaandika kama alivyofundishwa, yalisema: toa kichupa kwenye friji, kiache kiyeyuke kwa joto la chumba. Mwezi wa pili na wa tatu hapakuwa na shida, unakiacha, kikiyeyuka unavuta. Hesabu zilikuja nzuri na Daktari alianza kuandika ripoti. Kisha ukaja mwezi wa sita, ukaja wa saba. Ninyi mnaujua mwezi wa saba wa Lushoto. Joto la chumba chetu asubuhi lilikuwa la kuvalia koti ndani.

Kila mwanamke wa milimani anajua mafuta ya nazi ya nywele yanavyokuwa wakati huo. Yanaganda chupani. Unaishika chupa kiganjani au unaianika dirishani, yakitoka maji kidogo unamimina hayo unapaka, yaliyoganda unayaacha ya kesho. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi kabla yake. Mimi nilifanya hivyo na sumu. Nilikishika kichupa kiganjani mpaka nikaona maji pembeni, nikavuta dozi yangu, nikakirudisha kwenye friji na barafu yake katikati. Sikuona kwamba nimefanya lolote la kuulizia.

Hesabu zilivurugika. Siku moja chembe zilisuuzwa na hazikurudi kula hata kidogo. Baada ya siku tatu zikawa zinameza ndani ya sumu kana kwamba hatujatia kitu. Juma zima hivyo, na la pili, na la tatu. Daktari aliangalia vioo, akaangalia hamira, akapima maji. Mwisho alibakia na kitu kimoja ambacho hakuwa amekiangalia, nacho ni macho ya Mzee Elia, aliyekuwa na miaka hamsini na ushei na kusoma gazeti kwa kunyoosha mkono.

Daktari alikuwa mtu wa haki, nataka mjue hilo. Hakumhukumu hivi hivi. Alinipa slaidi sita za Mzee nizihesabu upya. Nilihesabu, nikapata karibu sawa na yeye. Daktari akaniuliza kama nilikuwa nimeziona hesabu za Mzee kabla. Nilikuwa nimeziona, mimi ndiye niliyezinakili kwenye daftari kubwa.

"Zaina," alisema, "ulikuwa unahesabu chembe, au ulikuwa unamhesabia Mzee?"

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimelelewa hivyo, kwamba mkubwa akisema sita na wewe umeona tano, unaangalia tena mpaka uione ya sita. Niliyashuku macho yangu kwamba yalifuata yake kwa adabu tu. Laiti ningesema hapo hapo kwamba zile chembe nilikuwa nimeziona kweli, maneno haya yangeishia hapa.

Mzee Elia aliitwa ofisini asubuhi, akatoka kabla ya chai. Alihamishiwa stoo. Hakubisha. Alisema sawa, kazi ni ya taifa, akanikabidhi ufunguo wa kabati la slaidi na makopo yake mawili, akanionyesha lile la kushoto lilipopinda mdomo ili lisinikate. Nilikaa kwenye kiti chake dirishani. Mwezi wa tisa jua lilirudi, vichupa vikawa vinayeyuka vyenyewe, na hesabu zikanyooka. Kila mtu aliona dhahiri kwamba tatizo lilikuwa Mzee, na mimi nikiwa mmoja wao. Yeye alihesabu pamba na spiriti stoo miezi michache, akastaafu, akaenda kulima kwake upande wa Irente.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba tena, hesabu zikavurugika mikononi mwangu. Nilikaa mbele ya hadubini nikizitazama chembe zilizosuuzwa na kukataa kula. Macho yangu yalikuwa ya miaka isiyofika thelathini na mitano. Nikaenda kwenye friji, nikatoa kichupa nilichokitumia, nikakinyanyua mbele ya dirisha. Katikati kulikuwa na barafu nyeupe, safi kama sukari guru isiyo na rangi, na pembeni palikuwa patupu, kwa kuwa maji yake nilikuwa nimeyavuta.

Ilinichukua siku nzima kuelewa, na jioni nilikuwa nimeelewa. Kimiminika kikiganda, kinaganda chenyewe na kuisukuma sumu pembeni, kwenye kile kisichoganda. Anayevuta maji ya kwanza anavuta sumu karibu yote. Anayerudi siku ya tatu anavuta barafu iliyoyeyuka, isiyo na sumu ya maana. Mzee Elia alikuwa ameandika alichokiona. Chembe zilizokataa kula zilikataa kweli, na zilizomeza zilimeza kweli. Sumu ilikuwa mbaya kwa mkono wangu.

Hapa ndipo pa aibu, na nitapaandika kama palivyokuwa. Sikumwambia mtu. Nilimwaga slaidi za juma lile, nikayeyusha vichupa vyote kwenye maji ya uvuguvugu, nikavitikisa, nikarudia kazi. Kisha nikabandika karatasi ukutani: Yeyusha chote. Tikisa. Ndipo uvute. Wengi wenu mmeikuta karatasi hiyo na mkadhani ni busara yangu. Daktari alinisifu mbele ya mkutano wa wafanyakazi. Aliniuliza nimejuaje, nikasema niliona tu. Kila mtu angeweza kuhesabu kutoka hapo mpaka kwa Mzee Elia, lakini hakuna aliyehesabu, na mimi sikuwahesabia. Nilijiambia kwamba ameshastaafu, hana alichopoteza. Nilijiambia pia kwamba mwanamke kutoka Mlola akitolewa kwenye kile kiti hatarudishwa. La pili lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinifaa kujificha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mke wa Mzee, Mama Naomi, niliyekutana naye sokoni akiuza mapea. Ulikuwa mwezi wa tano wa mwaka wa pili tangu mumewe ahamishwe. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya Mzee. Akasema mzima, anakula, ila macho ndiyo hivyo tena. Nilisema macho gani. Akanieleza kwamba Mzee alikuwa msomaji wa somo kanisani kwao tangu ujana wake, na baada ya maneno ya kule kazini alikwenda kwa mchungaji akaomba apumzishwe, asije akawasomea watu Neno la Mungu visivyo. Barua za watoto anasomewa. Mbegu za maharage, ambazo alizichagua yeye kila msimu, anachaguliwa na majirani.

"Na mimi namwona anaona," Mama Naomi alisema. "Kunguru juu ya mti kule ng'ambo anamwona. Lakini anasema waliosoma wamempima."

Nilinunua mapea ambayo sikuyahitaji, nikarudi. Usiku sikuwaza mengi, maana hapakuwa na mengi ya kuwaza.

Asubuhi nilimpelekea Daktari Lugano kichupa kilichoyeyushwa nusu na slaidi za mwezi wa saba wa kwanza, nikamweleza tangu mafuta ya nazi. Hakunikatiza. Siku hiyo hiyo tulifanya jaribio. Alivuta maji ya pembeni, nikavuta barafu, tukaweka kila moja kwenye chembe zake, na ikawa kama nilivyosema. Kisha alibandika karatasi juu ya majina ya slaidi za zamani, akazichanganya, akazihesabu yeye, nikazihesabu mimi, bila kuonyeshana. Ndipo tukafungua daftari la Mzee. Tulitofautiana naye chembe mbili, tatu katika mia, na pale tulipotofautiana sana, aliyekosea alikuwa Daktari.

Alikaa akaliangalia dirisha. Niliamini natolewa. Badala yake alisema, "Joto la chumba niliandika mimi. Sikujiuliza ni chumba gani." Kisha akaniuliza nimejua tangu lini. Nilimwambia tangu mwezi wa saba uliopita. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, na kwa muda mrefu baada ya siku ile aliniita Ndugu Zaina, wala si Zaina.

Aliandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja, yenye mhuri. Ilisema kwamba usomaji wa Mzee Elia ulikuwa sahihi, kwamba kosa lilikuwa katika utayarishaji wa sumu, na kwamba ofisi inamwomba radhi. Alitaka kuipeleka mwenyewe. Nilimwomba aniachie nitangulie mimi, yeye aje siku nyingine, na akakubali.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Mzee Elia alikuwa kibarazani, ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, akamwita mkewe alete chai na maziwa. Akaanza kuniuliza habari za kazi. Je, zikisuuzwa zinarudi kula? Nikasema zinarudi, Mzee. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa anajua zitarudi tu wakipata msomaji mwenye macho.

Nikampa barua. Akasema nimsomee. Nikamwambia hii, Mzee, naomba uisome mwenyewe.

Aliishika kwanza mbali, halafu akaisogeza. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akauliza aliyeitayarisha sumu alikuwa nani, ingawa alijua. Nikasema ni mimi. Nikasema pia kwamba mwaka wa kwanza sikujua, lakini huu wa pili nilijua, na nilinyamaza kwa sababu nilikitaka kiti. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilikuwa nalia, na sikujizuia.

Hakupandisha sauti.

"Miaka miwili, mwanangu," alisema, "nimeyaogopa macho yangu."

Chai ilikuja, tukanywa. Kwetu mgeni hatoki peke yake; mwenye nyumba humsindikiza, na Mzee Elia alijulikana kwa kusindikiza watu mpaka wakamwomba arudi. Nilipoaga, Mama Naomi alijifunga kanga akasimama. Mzee alinipa mkono, akabaki amekaa.

Mama Naomi alinisindikiza mpaka barabarani tukizungumza habari za mvua. Pale njia inapopinda niligeuka. Mzee alikuwa bado kibarazani, ameikunjua barua tena, ameishika karibu, anasoma.